Unga wa piza nyumbani: anza na moto ulio nao

Piza yangu ya kwanza niliichoma Pasua, hapa Moshi, kwenye oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, ile ya kutosha kuku mmoja akikunja miguu. Nilikuwa nimeangalia video za Napoli hadi usiku wa manane. Kwenye video piza inaingia tanurini, inageuzwa mara mbili, inatoka imevimba pembeni na madoa meusi kama ngozi ya chui. Yangu ilikaa humo dakika 18. Ilipotoka, shemeji yangu aliigonga kwa ukucha, ikalia ko ko ko.

"Shem," akasema, "hii tuile au tubishe hodi?"

Unga niliukanda vizuri tu. Kosa lilikuwa kuchagua ukoko unaotaka moto nisiokuwa nao. Tanuri la kuni la Napoli linafika nyuzi 430 hadi 485, na piza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni yangu ikijitahidi sana inafika 230. Unga wa Napoli hauna mafuta wala sukari, kwa hiyo ukiuchoma taratibu kwa moto mdogo, maji yanakauka yote kabla rangi haijaja. Unabaki na kitu cheupe, kikavu, kigumu kama mlango.

Tangu siku hiyo sianzi na picha, naanza na jiko. Una mkaa peke yake? Fanya ya trei ndani ya sufuria, au nyembamba juu ya chuma cha chapati. Una oveni ndogo ya mezani? Ya trei, wala usihangaike. Una jiko la gesi lenye oveni inayofika 250? Hapo unaweza kujaribu ya New York. Ya Napoli ngoja hadi mtu akujengee tanuri la matofali uani.

Na maneno tukubaliane mapema. Ukoko kwetu ni ule wa wali, unaogombaniwa na watoto chini ya sufuria, na sioni neno zuri kuliko hilo kwa kile tunachokitafuta kwenye piza. Sehemu ya chini nitaiita kitako, na ya pembeni isiyowekwa kitu juu nitaiita ukingo.

Vitu vya kununua, na kimoja cha kutengenezesha

Unga uwe wa ngano wenye nguvu. Geuza pakiti usome protini kwa kila gramu 100. Ikiwa 11 au zaidi, chukua. Ikiwa 9, huo ni wa keki, utakatika ukiuvuta. Ngano inalimwa huku kwetu, West Kilimanjaro, Karatu hadi Hanang', lakini nchi bado inaagiza sehemu kubwa kutoka nje, na viwanda vinachanganya. Ndiyo maana unga wa mwezi huu unaweza kunywa maji mengi kuliko wa mwezi uliopita hata kama pakiti ni ileile. Kila nikiandika hapa kipimo cha maji, jua kwamba kuna vijiko viwili vya kubishaniwa.

Hamira ya vipakiti vya gramu 11 ya duka la Mangi inatosha kabisa, ila ichunguze. Mara nyingi imetundikwa mlangoni juani tangu Pasaka. Koroga kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu na sukari kidogo, subiri dakika 10. Ikitoa povu zito, iko hai. Ikikaa kimya kama chai ya jana, tupa. Maji yawe ya kumwogeshea mtoto mchanga, si zaidi. Yakikaribia nyuzi 60 hamira inakufa. Mwezi wa kwanza na wa pili hapa Moshi sipashi maji kabisa, ya bomba yanatosha.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Najua mama zetu walikanda kwa jicho na mkono, na chapati zao hazikuwahi kukosea, lakini walikanda kila siku. Wewe unayekanda piza mara mbili kwa mwezi, mkono wako bado haujui. Kama huna mizani, kikombe cha mililita 250 kilichojazwa kwa kijiko bila kushindilia kina unga kama gramu 130.

Trei ndiyo ya kutengenezesha. Nenda kwa fundi wa bati, mpe vipimo: sentimita 25 kwa 35, kina sentimita 5, pembe zikunjwe bila tundu. Lakini mwambie asitumie bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki, na zinki haipatani na tindikali ya nyanya wala moto mkali. Atumie shiti ya chuma cheusi. Ukifika nayo nyumbani, ioshe kwa sabuni, ikaushe, ipake mafuta ya kula safu nyembamba sana, ichome mpaka moshi ukatike. Rudia mara tatu. Itakuwa nyeusi, itang'aa, na piza haitashika.

Usione haya kuchomea kwenye kitu cha fundi. Piza ya pembe nne ya Detroit, mji wa magari kule Marekani, ilianza mwaka 1946 kwenye baa iliyoitwa Buddy's, na inasimuliwa kwamba trei zao za chuma zilitoka viwandani, zilikokuwa zikibebea vipuri.

Donge la msingi

Hili ndilo la kujifunza kwanza. Ukilimudu, mengine yote ni kuongeza au kupunguza maji na mafuta.

Unga gramu 500. Maji mililita 310. Chumvi gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai pungufu kidogo. Hamira gramu 3, kijiko kimoja cha chai cha usawa. Sukari kijiko kimoja cha chai. Mafuta ya kula kijiko kimoja cha chakula. Ya alizeti yanafaa, si lazima ya zeituni.

1. Changanya unga, hamira na sukari kwenye bakuli kubwa. Mimina maji 280 tu, yale 30 yaweke pembeni. Koroga kwa mkono mmoja hadi usione unga mkavu. Usikande. Funika, kaa dakika 20. Unga unakunywa maji na kuanza kujisuka wenyewe, na wewe unaokoa nusu ya kazi ya mabega.

2. Tia chumvi na mafuta. Rudisha maji yaliyobaki kidogo kidogo, huku ukiusikiliza mkono: donge liwe laini kuliko la chapati na linate kidogo kidoleni. Wengi wanakwama hapa. Mkono uliozoea chapati ukiona unga unanata unakimbilia kunyunyiza unga mkavu. Vumilia. Paka mafuta viganja badala yake.

3. Kanda dakika 8 hadi 10. Sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha robo, sukuma tena. Mwanzoni donge lina mabonde kama uso uliolala kwenye mkeka. Mwishoni linakuwa nyororo kama ncha ya sikio. Kata kipande cha ukubwa wa limau, kivute polepole kwa vidole vya mikono miwili ukielekea dirishani. Kikitanuka hadi uone mwanga bila kuchanika, umemaliza. Kikikatika mapema, dakika tatu zaidi.

4. Paka chombo mafuta, weka donge, funika. Mimi natumia ndoo tupu ya aiskrimu kwa sababu inapitisha mwanga: naweka alama ya kalamu pale donge lilipofika, nasubiri lifike mara mbili ya hapo.

5. Gawanya madonge matatu, kila moja gramu 280. Liviringe kwa kuvuta ngozi yake kwenda chini mpaka juu pakaze. Pumzisha chini ya kitambaa dakika 45 hadi 60 kabla ya kulifungua.

Utajuaje limeumuka vya kutosha? Chovya kidole kwenye unga, bonyeza donge hadi kiungo cha kwanza. Kishimo kikirudi upesi, bado. Kikirudi polepole na kubaki nusu, ndiyo wakati wenyewe. Kisiporudi kabisa na donge likashusha pumzi, umechelewa.

Nimechelewa mara nyingi, lakini moja siisahau. Jumapili ya mwezi wa pili niliacha unga kwenye ndoo dirishani nikaenda ibadani, nikijua nitarudi baada ya saa mbili. Nilisahau kwamba ni Jumapili ya mnada. Mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa na kurudishwa mezani uuzwe tena, jogoo vilevile, kila mtu akitaka kuonekana anampenda Mungu kuliko jirani yake. Nilirudi saa nane. Mfuniko wa ndoo ulikuwa sakafuni, na unga umeteremka ukutani hadi kwenye kreti ya soda, umenuka kama mbege. Sikuutupa wote. Uliobaki ndoani niliukanda upya kwa kiganja cha unga mbichi, nikautandaza kwenye trei, nikauacha dakika 30, nikauchoma na vitunguu na chumvi ya mawe. Unga uliopita muda haufai kwa piza ya kuvutwa, kwa sababu gluteni, ule utando unaoushikilia unga, imelegea na sukari imeliwa na hamira, lakini kwenye trei trei yenyewe inaubeba.

Kwa hiyo usikariri saa. Moshi mwezi wa pili donge la msingi linafika mara mbili kwa saa moja na dakika chache. Mwezi wa saba asubuhi linaweza kuchukua saa mbili na nusu. Dada yangu yuko Njiro, Arusha, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, wakati Moshi mjini haifiki 1,000. Kule juu mkandamizo wa hewa ni mdogo kuliko huku, hivyo gesi ileile inavimbisha unga zaidi, lakini baridi inaichelewesha hamira. Matokeo yake unga wake unakaa kimya muda mrefu halafu unapanda ghafla kama mgeni aliyekuja bila simu. Nilimshauri apunguze hamira kwa robo na kuutazama mwishoni, akaacha kulalamika.

Kama una friji, tumia friji. Baada ya hatua ya 3 weka unga kwenye chombo chenye mafuta na mfuniko, uulaze humo saa 24 hadi 72. Hamira inasinzia, lakini vimeng'enya vya unga vinaendelea kuvunja wanga kuwa sukari. Siku ya pili unga una harufu ya mkate wa kweli na unapata rangi ya kahawia upesi, faida kubwa kwa mtu mwenye oveni dhaifu. Ukitaka zaidi ya siku moja, punguza hamira iwe nusu kijiko cha chai. Utoe saa mbili kabla ya kuchoma. Unga wa baridi hauvutiki, unakurudia kama lastiki. Na umeme ukikatika usiku, usifungue friji kila nusu saa kwenda kuangalia. Liache lihifadhi baridi yake.

Ya trei: hii ndiyo ya kwetu

Kama utafanya aina moja tu maishani, fanya hii. Mafuta ya trei yanakaanga kitako wakati juu panaiva, kwa hiyo hata oveni ya nyuzi 220 inatoa ukoko wa kahawia unaolia kidogo ukiukata, na ndani pamelegea kama mkate wa sufuria.

Unga gramu 300, maji 215, chumvi gramu 6, hamira gramu 3. Maji haya ni mengi, zaidi ya asilimia 70 ya unga, na unga hautakandika kwa kawaida. Usijaribu. Koroga kwa mwiko mpaka uchanganyike, funika. Kila baada ya dakika 30 lowesha mkono, shika upande mmoja wa unga, uinue uvute, ukunje katikati. Zungusha bakuli, fanya hivyo pande zote nne. Mara tatu. Mara ya kwanza ni uji mzito. Mara ya tatu unainuka wote kwa pamoja kama shuka lililolowa.

Mimina mafuta vijiko viwili vya chakula kwenye trei, paka hadi pembeni. Weka unga, ubonyeze kwa vidole uelekee kona. Hautafika. Uache dakika 20, rudi, bonyeza tena. Sasa utafika bila ugomvi. Funika, uumuke saa moja hadi ujae viputo vinavyoonekana.

Jibini weka kwanza, na uisogeze hadi iguse chuma cha trei pande zote. Hiyo ndiyo siri nzima ya Detroit: jibini inayeyuka, inateremka kati ya unga na chuma, inakaangika na kuwa ukuta mweusi wa kahawia. Nyumbani kwangu kona nne zina wenyewe kabla piza haijaiva. Rojo la nyanya linakuja juu ya jibini, kwa mistari, si kwa kufunika. Choma nyuzi 250 dakika 12 hadi 15, au 220 dakika 20, sehemu ya chini ya oveni. Ikitoka, pitisha kisu pembeni mara moja, itoe kwenye trei ikae juu ya waya. Ukiiacha kwenye trei mvuke unarudi chini na kulowesha kitako ulichokihangaikia.

Kwa mkaa inahitaji sufuria kubwa nzito na trei ya mviringo ya kuingia ndani yake. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa chini ya sufuria, unene wa vidole viwili, weka juu yake kitu cha kuinulia trei, hata mawe matatu madogo makavu. Funika, pasha dakika 20 kabla ya kuingiza piza. Kisha ingiza, funika kwa sinia la chuma, palia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kama tunavyofanya kwenye keki ya mkaa. Watu wengi huacha moto wote chini, wanapata kitako cheusi na jibini ambayo haijajua kinachoendelea. Dakika 20 hadi 25. Usifunue kabla ya dakika 15. Kila ukifunua majivu nayo yanataka kuonja.

Nyembamba, juu ya chuma cha chapati

Unga gramu 500, maji 260, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi gramu 10, hamira nusu kijiko cha chai na kidogo. Donge ni gumu, mkono wa chapati utafurahi. Gawanya manne, yapumzike saa moja, halafu sukuma kwa mpini wa chapati hadi sentimita 30, karibu uone kibao chini yake. Toboatoboa kwa uma ili lisivimbe kama puto.

Chuma kiwe kikavu, moto wa wastani. Tupa duara juu yake, subiri vipele na madoa ya kahawia, kama dakika mbili. Geuza. Sasa upande ulioiva uko juu, na huo ndio unaopakwa nyanya na jibini. Ukipaka upande mbichi, nyanya inazama na katikati hapaivi kamwe. Punguza moto, funika kwa mfuniko wa sufuria dakika 4 au 5. Ukipalia makaa machache juu ya mfuniko utapata hata rangi.

Waroma wana yao nyembamba ya kusukumwa kwa mpini, wanaiita scrocchiarella, jina linalotokana na mlio wake mdomoni. Ni mlio mzuri. Si ule wa mlango.

Ya New York

Inatumia donge la msingi kama lilivyo, lililolala friji angalau siku moja. Wahamiaji wa Italia waliianzisha huko. Duka la Lombardi's lilikuwa likiuza piza mwaka 1905, kutoka tanuri la makaa ya mawe. Ni pana, kitako kinabeba vitu juu lakini kinakunjika katikati ukikishika kwa mkono mmoja.

Hapa unahitaji kitu cha kuhifadhi joto chini ya piza. Mimi nilinunua kwa mchomeleaji bamba la chuma la milimita 6, lisilo na rangi, nikalisugua kutu na kulichoma na mafuta kama ile trei. Linaingia oveni baridi, nawasha hadi mwisho, nasubiri dakika 45. Watu wameniuliza kama jiwe linafaa. La kuuzwa kwa kazi hiyo, ndiyo. La kuokota mto Karanga, hapana: jiwe lililonyonya maji likipashwa linaweza kupasuka.

Donge hili usilisukume kwa mpini, mpini unaua gesi yote uliyoisubiri siku mbili. Liweke juu ya unga, libonyeze kwa ncha za vidole kuanzia katikati kwenda nje, ukiacha ukingo wa sentimita mbili bila kuguswa. Kisha libebe juu ya ngumi zako mbili, uzito wake wenyewe ulivute, ukizungusha. Likikurudia usishindane nalo. Lifunike, kanywe maji, rudi baada ya dakika 15. Likitoboka, lihamishe tundu pembeni na ulibane kama unavyoziba sambusa.

Nyunyiza sembe kidogo juu ya kibao au mgongo wa sinia, weka duara, tikisa kuhakikisha linateleza, ndipo uweke nyanya na jibini. Fanya upesi. Kila dakika inayopita unga unanyonya maji ya nyanya na kushika kibao, halafu ukilisukuma oveni inaenda jibini peke yake. Nyanya usizipike: menya, saga, chuja maji, tia chumvi. Kijiko kikubwa cha mchuzi mara tatu kinatosha duara zima. Dakika 8 hadi 10.

Ya Napoli

Unga gramu 500, maji 300, chumvi gramu 14, hamira robo kijiko cha chai. Hakuna kingine. Uumuke saa 8 au zaidi sehemu ya baridi, madonge ya gramu 250. Wenyewe wana kanuni zilizoandikwa, Umoja wa Ulaya uliusajili utaratibu wao mwaka 2010, na UNESCO iliutambua ufundi wa wachomaji wa Napoli mwaka 2017. Kwa hiyo ukitia mafuta kwenye unga usiite ya Napoli mbele ya Mwitaliano.

Bila tanuri kuna ujanja wa kukaribia. Pasha flampeni nzito ya chuma hadi itoe moshi, weka duara lililofunguliwa kwa mkono, paka nyanya na jibini upesi hapohapo, dakika mbili, kisha ihamishie juu kabisa ya oveni chini ya waya wa kuchomea unaowaka mwekundu. Dakika tatu huku umesimama. Madoa ya chui yatakuja mawili matatu. Mpini wa flampeni usiwe wa plastiki, tafadhali.

Ya Chicago

Hii ni pai zaidi kuliko piza, na sipendi kuifanya, lakini wageni wanaipenda. Ilianza mwaka 1943 Pizzeria Uno. Unga wa ngano gramu 350, sembe 50, maji 190, siagi iliyoyeyushwa au mafuta mililita 60, chumvi gramu 8, hamira kijiko cha chai. Kanda dakika mbili tatu tu, ukikanda sana unakuwa mgumu. Uumuke, ubonyeze kwenye chombo cha keki hadi upande ukutani sentimita 4. Jibini chini, nyama katikati, nyanya juu, kwa mpangilio huo, maana inakaa oveni dakika 35 nyuzi 220 na jibini ikiwa juu itaungua. Ukiitoa isubiri dakika 10, la sivyo kisu kikipita yote inakuwa supu.

Madonge yaliyobaki yapake mafuta, yafunge kila moja kwenye mfuko wake, yakae kwenye barafu hata mwezi. Yahamishie sehemu ya chini ya friji usiku wa kuamkia siku ya kuyatumia.

Na bakuli la kukandia lioshe kwa maji baridi. Ya moto yanapika unga uliobaki, unageuka gundi, na steelwire ya kusugulia utaitupa pamoja nao.